Kausha damu, simu, dukani, kwa wifi: unaanza kulipa lipi na kwa njia gani (hesabu za mshahara mdogo, Dodoma)

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye mshahara unaingia asubuhi na ikifika jioni umeshaisha, na wala hajafanya starehe yoyote, ni madeni tu yamegawana. Nimetoka huko mwaka jana, na kilichonichelewesha siyo kukosa hela peke yake, ni kwamba kila niliyemuuliza alinipa njia yake na kila njia ilisikika nzuri. Mmoja anasema anza na deni dogo, mwingine anasema chukua mkopo mmoja ufute yote, mwingine uza kiwanja. Hakuna aliyeniwekea hesabu za njia mbili mezani nikaziona kwa pamoja. Sasa hizi hapa.

Kwanza hali yangu ilivyokuwa ili uweze kuilinganisha na yako. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, tunakaa Nkuhungu vyumba viwili, mume wangu ni fundi ujenzi. Watu wanadhani kwa kuwa Dom inajengwa kila kona, Mtumba, Iyumbu, Nala, basi fundi hakosi hela, lakini fundi analipwa kazi ikiwepo na mwenye nyumba akiwa na hela, kuna mwezi analeta laki 3 na kuna mwezi analeta elfu 60. Mshahara wangu ukishakatwa makato yote pamoja na mkopo wa benki tulionunulia kiwanja, kinachobaki ni 430,000. Februari mwaka jana, ukiacha ule wa benki unaokatwa wenyewe, tulikuwa tunadaiwa hivi: kausha damu, yani mkopo wa mtaani wa riba kali, 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, mkopo wa simu 80,000 ambao nilikuwa nalipa na kukopa tena siku hiyo hiyo na ulikuwa unanila kama 8,000 kila mwezi, dukani kwa Mangi 74,000, na wifi yangu 150,000. Jumla 804,000.

Hiyo kausha damu dhamana yake ilikuwa kadi yangu ya benki. Walimu wenzangu wanaijua hii vizuri. Unampa kadi na namba ya siri, siku ya mshahara anaenda mashine mwenyewe, anatoa chake, halafu anakupigia ukachukue kilichobaki. Siku ya kwanza nilipoenda kwenye fremu yake alivuta droo, na mle ndani kadi zilikuwa zimepangwa kama karata, zimefungwa kwa raba bendi, kila moja imebandikwa kipande cha plasta nyeupe ya hospitali na juu yake namba ya siri imeandikwa kwa peni ya bluu. Niliona majina mawili ya watu ninaowafahamu, mmoja tunasaini naye daftari moja la mahudhurio kila asubuhi na hatujawahi kuambiana.

Kila mwezi alichukua laki 1 na deni likabaki pale pale laki 5, kwa sababu ile laki ni riba tu, wenyewe wanasema mtaji haujaguswa. Nilikaa hivyo miezi 7. Nimeshatoa laki 7 kwenye deni la laki 5 na bado nadaiwa laki 5. Siku niliyoliandika hilo kwenye karatasi sikulala.

Deni dogo kwanza au riba kubwa kwanza

Tulikaa mi na mume wangu tukapiga hesabu tukaona tukijibana sana tunaweza kutoa 220,000 kwa mwezi kwa ajili ya madeni, riba zote zikiwa humo humo. Kwenye hela hiyo, 108,000 inaenda kwenye riba kabla hujafanya chochote, kwa hiyo mwezi wa kwanza hela inayopunguza deni kweli ni 112,000. Swali ni hiyo 112,000 umpe nani.

Ukianza na dogo, mwezi wa kwanza unamaliza dukani na unapunguza la simu, mwezi wa pili unamaliza la simu na unamgusa wifi, mwezi wa tatu unamaliza kwa wifi. Miezi mitatu madeni matatu yamekufa, raha tupu. Lakini angalia kausha damu muda wote huo, imekula laki 1, laki 1 tena, laki 1 tena, na ndo kwanza umempunguzia 43,800. Hesabu yote ukiipiga mpaka mwisho unatoka mwezi wa sita na riba uliyolipa ni 503,514. Yani deni la laki 8 limekugharimu milioni 1 na laki 3.

Ukianza na lenye riba kubwa, mwezi wa kwanza kausha damu inashuka mpaka 388,000, kwa hiyo mwezi wa pili riba yake siyo laki tena ni 77,600, na ile tofauti inaenda kumpunguza zaidi. Wa tatu anaingia na 253,600, wa nne anaingia na 92,320 anakufa, na mwezi huo huo unamaliza la simu, na wa tano unamaliza Mangi na wifi. Riba yote 278,784.

Dogo kwanza: miezi 6, riba 503,514.
Riba kubwa kwanza: miezi 5, riba 278,784.

Hela ile ile ya 220,000 kwa mwezi, madeni yale yale, tofauti ni nani alitangulia tu. Tofauti yenyewe ni 224,730, ambayo kwetu ni kodi ya miezi mitatu na chenji inabaki.

Sasa sitaki kumdharau anayesema anza na dogo, ana hoja. Deni la dukani halina riba ila lina macho, unapita pale kila siku kununua sabuni, na siku unga umeisha tarehe 15 ni Mangi huyo huyo atakayekuvusha. Mi nilifanya hivi, nilienda nikamwambia ukweli, Mangi hela yako ipo ila nitaimaliza Juni, kila mwezi nitakuletea elfu 5 ujue sijakusahau. Akaniambia, "Mwalimu, wanaonitesa ni wanaobadilisha njia." Hiyo elfu 5 ilichelewesha hesabu yangu kidogo sana na iliniwekea mlango wazi. Kwa wifi ilikuwa rahisi zaidi, yeye ndo alisema kabla sijamaliza sentensi, wifi hela yangu isikuumize, toeni kwanza hiyo kadi. Siyo kila mtu ana wifi kama huyo, najua, kama wa kwako atalifikisha kwa mama mkwe na kwenye kikao cha ukoo basi kuna sababu ya kumlipa mapema hata kama hana riba, amani ya ndoa nayo ina gharama yake.

Na kuna hali moja ambapo dogo kwanza ni sahihi hata kwa hesabu, nayo ni pale mdai wa kausha damu anapokataa kupokea mtaji nusu nusu. Wengi wanakataa, wanataka laki 5 yote kwa mpigo au uendelee na riba, na kwa nini wasikatae wakati riba ndo shamba lao. Hapo hela yako haiwezi kumpunguza, kwa hiyo ua la simu kwanza, halafu kusanya mpaka itimie. Ila usikusanyie kwenye akaunti ambayo kadi yake iko kwenye droo ya mtu. Kuna mwenzangu alikuwa anajiwekea humo humo, siku moja akaambiwa hela yake imetolewa "kufidia ucheleweshaji". Kusanya kwenye mchezo wa kupeana hela na watu unaowaamini, au kwenye laini ya simu ya mtu wa nyumbani, au mpe mama yako.

Wa kwangu naye alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nilienda na mume wangu na karatasi, tukamwambia kaka tunakulipa, hatukimbii, ila tunaomba tupunguze mtaji kuanzia laki moja kila mwezi na tuandikishane. Alizunguka zunguka akakubali. Nadhani kilichomlainisha ni kuona tumekuja wawili, maana mpaka siku hiyo alikuwa ananijua mi peke yangu na alijua mume wangu hajui.

Mkopo mmoja wa kufuta yote: SACCOS na benki

Hapa ndo watu wengi wanapoteleza kwa sababu wanaangalia rejesho la mwezi peke yake.

Benki kwanza. Kama wewe ni mtumishi na una mkopo unaoendelea watakuambia ufanye topapu, yani wanakuongezea hela juu ya mkopo uliopo na kuanza upya muda wa kulipa. Chukua mfano wa laki 8 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, ulipe miaka 5. Rejesho linaongezeka kama elfu 20 tu kwa mwezi. Elfu 20 ukilinganisha na 220,000 unaona umefika peponi. Lakini jumla ya riba mpaka mwisho inakaribia 393,000, ambayo ni kubwa kuliko ile 278,784 ya kujibana miezi mitano, pamoja na kwamba asilimia 17 kwa mwaka ni ndogo mara nyingi sana kuliko 20 kwa mwezi. Ni muda ndo unakula. Na hapo sijahesabu ada ya mkopo na bima ambazo kwenye topapu wanaweza kuzikokotoa kwenye mkopo wote mpya na siyo ile nyongeza tu, wala sijahesabu kwamba ule mkopo wa kiwanja uliobakiza miaka 2 sasa unarudi kuwa miaka 5. Kabla ya kusaini waombe wakuandikie namba mbili, nabakiza kulipa jumla shilingi ngapi nikiendelea na mkopo wa zamani, na nitalipa jumla ngapi nikichukua huu mpya. Afisa mkopo anazo kwenye kompyuta, siyo siri.

Kuna kitu kingine kwa watumishi, makato hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara wa msingi, theluthi moja lazima ibaki. Utaratibu mzuri, ila kausha damu haionekani kwenye slipu ya mshahara. Ndo maana unakuta mtu slipu yake ina nafasi kabisa benki wanampa tena, na nyumbani watoto wanakunywa uji wa chumvi. Kwa hiyo usichukulie kwamba kwa kuwa mfumo umekubali basi unaweza.

SACCOS, yani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ni habari nyingine. Kwenye yetu ya walimu riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, yani inapigwa kwenye deni lililobaki tu. Ukichukua 600,000 ukafuta kausha damu na simu, ukalipa miezi 12, mtaji ni elfu 50 kila mwezi na riba inaanza 9,000 inashuka, jumla ya riba ni 58,500. Elfu 58 na jero! Linganisha na laki 2 na 78 ya njia ya kujibana. Na rejesho la mwezi wa kwanza ni 59,000, kwa hiyo mwezi mume akikosa kazi bado mnakula.

Sasa kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu sikuwa mwanachama. Nilikuwa nimejitoa miaka mitatu nyuma ili nichukue akiba yangu, na hilo ndo kosa linaloniuma mpaka leo. Nilipoenda kuuliza wakaniambia uanachama miezi 3 kabla ya kukopa, na mkopo ni mara 3 ya akiba, kwa hiyo kupata laki 6 niwe na akiba ya laki 2. Nikapiga hesabu, miezi 3 ya kusubiri ni riba ya 108,000 mara tatu, 324,000, ukijumlisha na ile 58,500 inakuwa 382,500. Kwa hiyo kwangu mimi kujibana kulishinda. Kama wewe tayari ni mwanachama na una akiba, acha kusoma nenda kajaze fomu, hakuna njia nyingine kwenye ulinganisho huu inayofika hapo. Kama siyo mwanachama jiunge hata hivyo na elfu 10 kwa mwezi ila usisubiri hiyo ikuokoe kwenye deni la sasa. Na hakikisha ina leseni, SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika na makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma, kuuliza haihitaji hata nauli ya basi la mkoa.

Neno moja kuhusu salio linalopungua maana watu wanaumizwa hapa. Milioni 1 kwa miezi 12 kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ikikokotolewa kwenye mkopo wa mwanzo muda wote riba ni 420,000. Asilimia hiyo hiyo kwenye salio linalopungua, ukilipa rejesho la kiasi kile kile kila mwezi, ni kama 242,000. Zote mbili tangazo litaandika 3.5. Uliza swali hili kwa maneno haya haya: nikishalipa nusu ya mtaji, riba ya mwezi unaofuata inapungua au inabaki ile ile?

Kuuza kitu

Kuuza kunaumiza moyo kwa hiyo watu wanaliweka la mwisho, mi nadhani kwa kausha damu liwe la pili. Jirani yetu asili yake Kongwa, alikuwa na magunia matano ya mahindi nyumbani kwao, amekataa kuuza Julai kwa sababu bei Kibaigwa iko chini wakati wa mavuno, anangoja Januari ipande. Fikra nzuri kama hudaiwi. Tuseme Julai gunia ni elfu 60 na Januari limefika elfu 90, amepata nyongeza ya nusu, asilimia 50 kwa miezi sita. Deni la asilimia 20 kwa mwezi kwa miezi hiyo sita limemla asilimia 120. Kwa hiyo kila gunia alilolishikilia akisubiri faida lilikuwa linampa 50 mkono wa kulia na kumtoa 120 mkono wa kushoto. Ila bakiza ya kula, Dodoma mvua ni msimu mmoja na ukiuza yote utayanunua tena Februari kwa bei ya kilio.

Mbuzi hivyo hivyo, uza. Friji kwa bei ya mtumba utapoteza sana lakini kwa laki 2 inayozuia riba ya elfu 40 kila mwezi, miezi mitano imerudi. Kiwanja hapana, labda deni limefika mamilioni. Kiwanja cha haraka kinauzwa kwa bei ya mwenye haraka, na madalali wa hapa wanainusa shida yako toka stendi. Na vitendea kazi usiuze, mashine ya kusaga, cherehani, pikipiki, kile kinachokuletea hela ya kulipia ndo hicho hicho.

VICOBA, halmashauri, na mikopo ya kwenye simu

VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, nitaisema haraka. Riba yake kwa kawaida ni nafuu kuliko kausha damu na mkopo unatoka haraka, lakini dhamana yako ni wanawake wenzako, ukishindwa hawaji na barua, wanakuja na macho na wanakuja wote kumi. Tumia kufutia deni kama una uhakika wa hela inayokuja, mfano malimbikizo au mavuno ya zabibu ya kule Hombolo au Mpunguzi. Kitu kizuri zaidi ni gawio la mwisho wa mwaka, kikundi kikivunjwa Desemba ile hela iende kwenye mtaji wa kausha damu kabla haijageuka pilau na nguo za sikukuu. Najua ni ngumu, watoto wanaangalia za majirani.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba kabisa na wengi wananiuliza kwa nini wasiichukue wakafutie madeni. Usifanye hivyo. Inatolewa kwa kikundi kwa ajili ya mradi, ukichukua sehemu yako ukalipia deni lako mradi haupo, marejesho hayapo, na waliosaini na wewe wameingia shimoni pamoja na wewe. Ukishamaliza madeni ichukue ufanyie kazi.

Kukopa simu nyingine kulipa simu ya kwanza wala silinganishi. Ila aplikesheni za mikopo nitasema, maana kuna watu wamelipishwa na halafu picha zao zimesambazwa kwa kila namba iliyoko kwenye simu yao, mwajiri, mchungaji, mkwe. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kama unadaiwa na mojawapo andika ulichokopa, ulicholipa, tunza meseji zote za vitisho, na peleka malalamiko.

Na hapo hapo nirudi kwa kausha damu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na wakopeshaji wa daraja la pili, yani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, Benki Kuu iliwawekea ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki 5 hiyo ni 17,500. Mi nilikuwa nalipa laki moja. Benki Kuu iko hapa barabara ya Jakaya Kikwete, na kwenye tovuti yao kuna orodha ya wenye leseni. Sisemi ukamtishe mdai wako, mi sikumtisha, kwa sababu nilikuwa nimekubali mwenyewe na hela yake niliila kweli, mtoto alikuwa kalazwa. Lakini kujua hiyo namba kulinipa mgongo siku ya kuongea, na kama wako anakuongezea faini juu ya riba au anakuja kubeba godoro basi hapo nenda kaseme.

Hiyo 220,000 ilitoka wapi

Wengi wataniuliza hili na nadhani ndo gumu kuliko hesabu zote. Tuliacha kununua sembe kilo kilo kwa Mangi, tukawa tunanunua mahindi kwa debe Majengo tunasaga wenyewe, dona, na tofauti ilionekana ndani ya mwezi. Mlenda mkavu tulikuwa tunaletewa na mama mkwe kutoka Mvumi, kwa hiyo siku tatu za wiki mboga ilikuwa mlenda na karanga na hakuna aliyekufa, mtoto wa pili ndo alinuna. Umeme tuliacha kupikia kabisa. Nikaanza kutembea kwenda shule asubuhi, jua la saa nane ndo nilipanda bajaji. Michango ya harusi nilikataa mitano, nikisema waziwazi safari hii sina, na ni mmoja tu aliyenuna.

Aprili mume wangu alikosa kazi kabisa. Mwezi huo nilitoa riba tu, kama elfu 60, mtaji haukuguswa. Nililia siku hiyo maana nilikuwa nimeshachora kwenye kalenda ya ukutani Juni kwa peni nyekundu. Kwa hiyo tukatoka Julai badala ya Juni, na riba ya nyongeza ni hiyo hiyo kama elfu 60. Nasema hili kwa sababu ukipanga hesabu yako weka mwezi mmoja mbaya ndani yake kabisa, na kama mapato ya nyumba yenu yanayumba kuliko yetu, mathalani wote wawili ni vibarua, basi mkopo wa SACCOS wenye rejesho dogo ni salama kuliko kujibana hata ukikucheleweshea, kwa sababu miezi miwili mibaya ikifuatana kwenye njia ya kujibana unarudi droo ile ile.

Siku ya kumaliza omba vitu vitatu kabla hujatoka pale. Karatasi imeandikwa deni limekwisha, na tarehe na sahihi yake. Ule mkataba wa mwanzo uliosaini, uuchane mbele yake au uende nao. Na kadi. Halafu toka hapo moja kwa moja mpaka benki ubadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo, na kama una mashaka omba kadi mpya kabisa ile ifungwe. Mi nilipopewa ya kwangu ile plasta ilikuwa bado imebandikwa, imeshakuwa ya kahawia kwenye kingo, na haikutoka kwa kucha. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa usiku.